Mstari Uliopanda Kwenye Jeli

Ninyi vijana wa maabara mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi, tena mkaongeza kwa ile adabu yenu ya kujifanya, "Mama, utuchekeshe kidogo." Nitawachekesha nikipata nafasi. Kwanza nina hasira, na nitaanza na hiyo hasira, maana ndiyo iliyonikalisha mezani hapa Gahanga asubuhi hii huku chai yangu inapoa.

Mwezi uliopita walikuja wanne wenu kunisalimia. Watoto wazuri, wameniletea nanasi. Tukakaa sebuleni, nikauliza kazi inaendaje maabara. Mmoja wenu, simtaji, mwenyewe anajijua, akasema huku anamenya nanasi: "Tuko sawa, Mama. Kuna sahani tatu zilitoa matokeo ya ajabu, tukazitupa, tukaanza upya." Tukazitupa! Nikamwuliza, mlizipima kabla ya kuzitupa? Akasema hapana, zilikuwa zimekosea. Sahani imekosea! Nikamwambia sahani haina kichwa cha kukosea, kichwa unacho wewe. Wenzake wakacheka, wakadhani bibi anatania. Sikuwa natania. Walipoondoka nilinuna mpaka mume wangu akaniuliza kama nimegombana na majirani.

Kwa msionijua, mimi ni Mama Ineza. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, nikarudi Kigali mtu mzima, na miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa maabara. Sikuwa dokta wala profesa. Nilimimina sahani, vile visahani vya kuoteshea seli, nikachemsha vyombo, nikatunza friza. Ujuzi wangu ulikuwa hamira. Ndiyo, hiyo hiyo ya mandazi. Harusini mtu akiniuliza kazi yangu nikamjibu, alicheka na kusema basi nimletee mikate. Miaka ishirini na sita mzaha ni ule ule mmoja! Mngekuwa ninyi mngeshapiga mtu.

Tuliipenda hamira kwa sababu seli yake inafanya mengi yanayofanywa na seli zetu, na haihitaji kubembelezwa. Sisi tulikuwa tunachunguza jambo moja tu: seli inafanyaje kutunza idadi ya jeni zinazojirudia. Na tafadhali, mtu asije akaniambia seli "inahesabu" jeni zake. Nimeshamfukuza mtu jikoni kwangu kwa neno hilo. Seli inahesabia nini, vidole?

Sikilizeni, nitalisema mara moja. Ndani ya kila seli kuna vitu vidogo vya kutengenezea protini, vinaitwa ribosomu. Vinahitajika vingi mno, kwa hiyo jeni ya kuvitengeneza haiwezi kuwa moja. Hamira inazo kama mia na hamsini, zote zinafanana, zimepangwa moja nyuma ya nyingine kwenye kromosomu ya kumi na mbili. Sasa vitu vinavyofanana namna hiyo vikiwekwa mstari mmoja ni balaa. Uzi wa DNA ukikatika hapo, seli hutafuta mahali panapofanana ili inakili palipoharibika, na panapofanana ni pengi! Ikishika pa nyuma, jeni ile ile inanakiliwa mara ya pili, idadi inapanda. Ikishika pa mbele, inaruka moja, idadi inashuka. Na kukatika kwenyewe si ajali tupu. Mwishoni mwa kila jeni amekaa protini mmoja, mimi nilimwita trafiki, anayesimamisha mashine ya kunakili DNA isigongane na mashine ya kuisoma. Inaposimamishwa hapo, mara nyingine uzi hukatika. Mwondoe trafiki, idadi inaganda ilipo.

Kuna protini wa pili, mnyamazishaji. Akiwa wa kutosha, nakala mbili za DNA hushikana barabara, uzi ukikatika unaungwa pale pale, idadi haibadiliki. Akipungua, mshiko unalegea, uzi unaungwa ovyo, na jeni huanza kuongezeka. Nani anampunguza? Hapo ndipo ninapopapenda mimi. Kuna protini wengine ambao kazi yao ni kukaa kwenye zile jeni za ribosomu na kuziamsha. Jeni zikiwa kamili, wote wana pa kukaa. Jeni zikipotea, wengine wanakosa viti, wanazurura, wanakwenda kukaa kwenye jeni ya yule mnyamazishaji na kuizima. Basi mnyamazishaji anapungua, jeni zinaongezeka, wazururaji wanapata viti vyao, mnyamazishaji anarudi kazini, mambo yanatulia. Hakuna anayehesabu chochote. Nilipoelewa hilo mara ya kwanza nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Lakini kulielewa ni jambo moja na kuliona ni jingine. Kuliona kunataka mikono. Kromosomu nzima ni uzi mrefu, ukiunyonya kwa pipeti, kile kimrija chetu, unakatika vipande na kazi imekwisha. Kwa hiyo seli unazifungia kwanza kwenye vijipande vya jeli, vidogo kama punje za mahindi, unaziyeyusha humo humo, uzi unabaki mzima. Kijipande unakitia kwenye tundu la jeli kubwa, unawasha umeme unaobadili upande kila mara, unasubiri siku mbili, tatu. Kromosomu fupi zinakimbia chini, ndefu zinajivuta huko juu. Ile ya kumi na mbili ikiwa na jeni chache inafupika, mstari wake unashuka. Jeni zikiongezeka, mstari unapanda. Unaona kwa macho yako.

Mzee Faustini ndiye aliyenifundisha. Marehemu sasa. Ukimimina jeli ikaingia kiputo cha hewa, hakusema neno, alichukua kitana cha kutobolea matundu akaondoka nacho, wewe ukamwaga ukaanza upya. Alikuwa na amri moja tu, aliirudia mpaka tukamwigiza nyuma ya mgongo: "Andika ulichofanya. Usiandike ulichotaka kufanya." Tuliona ni maneno ya mzee. Siku hizi nikiyakumbuka naona haya.

Kitana hicho hicho kilipovunjika, ofisi ikaniambia nisubiri, kitaagizwa. Nikashuka Gisozi kwa mafundi wa Agakiriro, nikamkuta mmoja anayekata plastiki za milango ya makabati, nikamchorea. Akaniuliza, "Mama, hiki kitana cha nywele za nani?" Nikamwambia cha hamira. Akakikata huku ananitazama kwa huruma. Kilidumu mpaka nilipostaafu. Kile cha kuagizwa sijakiona hadi leo. Na nyie mnaohangaika na vitanzi vya chuma vya kuchotea seli, acheni. Nunueni vijiti vya meno vya mbao, vichemsheni kwenye glasi iliyofunikwa kwa foili, kijiti kimoja kwa sahani moja, unatupa. Mtu aliyechoka husahau kupoza chuma kilichotoka motoni, anaziunguza seli, halafu anaandika eti hazikuota.

Haya, mmeshacheka. Sasa Godeliva.

Godeliva alikuja kwetu kufanya utafiti wa shahada ya pili. Mtoto wa Kigali hapa hapa, amekulia Nyamirambo, mwembamba, mwenye swali mdomoni muda wote. Maabara yetu ilisema Kiswahili kwa sababu mimi nilitoka Karagwe na bosi wetu, Dokta Anaclet, alikulia Bujumbura, na Kifaransa alikiweka akiba ya kugombezea. Kiswahili cha Godeliva kilikuwa cha mjini: "Mama, hamira iko wapi? Friji iko imefungwa?" Nilimcheka. Naye alikicheka Kinyarwanda changu cha ng'ambo ya mto, tukawa sare. Alikuwa haondoki mpaka ameelewa. Nilimpenda, niseme wazi.

Tuliletewa kutoka nje hamira maalumu, jeni zake za ribosomu zimepunguzwa mpaka zikabaki kama ishirini. Trafiki yumo, kila kitu kimo, jeni tu ndizo chache. Ilikuja katika vichupa vinne vilivyogandishwa, na barua ya ukurasa mmoja: kila jaribio lianze na seli kutoka friza, msiikuze kizazi kwa kizazi kwenye sahani. Niliisoma, nikaitia kwenye faili. Kazi ya Godeliva ilikuwa kuijaribu hamira hii kila wiki, kuona inavumilia vipi dawa zinazojeruhi DNA, na kila mara kuthibitisha kwa jeli kwamba jeni bado ni chache. Kazi yangu ilikuwa kumwandalia sahani kila Jumatatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana huu ndio upumbavu wangu. Kwetu Karagwe bibi yangu hakumaliza mtindi kibuyuni hata siku moja. Ikivuguto, mnavyouita hapa. Alibakiza kidogo, akamimina maziwa mapya juu yake, yakaganda. Mtu akimaliza wote, nyumba nzima inamkalia kooni, kwa sababu lazima mtoke mkaombe kwa jirani, na hiyo ni aibu. Nimekua hivyo. Basi nikatazama vichupa vinne tu, kila ukifungua kimoja kinayeyuka kidogo, umeme wenyewe unakatika unavyotaka, na moyo ukakataa. Nikachota friza mara moja, nikaotesha sahani. Jumatatu iliyofuata nikachota kutoka sahani ile, nikaotesha nyingine. Na nyingine. Niliona ninaokoa mali ya maabara. Nilijisifu kimoyomoyo, mwaona!

Na kwenye daftari la hamira, kila Jumatatu, niliandika "friza." Asili yake si friza? Nilijidanganya hivyo. Jumatatu kumi na moja, friza, friza, friza, kwa mwandiko wangu mzuri niliofundishwa na watawa.

Mstari ukaanza kupanda. Wiki ya tatu Godeliva akaniita. "Mama, tazama. Huu mstari iko juu kidogo." Nikamwambia ni jeli imekaa vibaya. Wiki ya tano ulikuwa juu zaidi, tena umetanuka, umefifia kingo, kwa sababu seli hazikupanda zote kwa pamoja. Yeye akafikiri labda hamira ya kawaida imeingia. Akapima mwenyewe: hamira yetu ilikuwa na alama, ikikosa chakula fulani haioti. Akainyima, haikuota. Ni ile ile. Akarudia jeli, akarudia tena. Sikuwahi kumwona akiwa na furaha namna ile. "Zinaongezeka zenyewe, Mama! Zilikuwa chache, sasa zinarudi!" Nami nikatabasamu kama mjinga na sikuunganisha jambo hilo na sahani zangu. Jamani, wiki nzima ya saba na ya nane sikuunganisha. Wiki ya tisa nikaunganisha, nikiwa naosha glasi, na nikaendelea kuosha.

Kwa nini sikusema siku ile? Nilisema moyoni nitasema kesho. Jumatatu nikaotesha tena kutoka sahani, eti nikianza friza sasa mstari utashuka ghafla na kila mtu atajua. Mwaona mtu anavyozama? Kosa la kwanza lilikuwa la mtindi, hilo ningelisamehe kwa yeyote. La pili lilikuwa langu mimi, kwa akili timamu.

Baada ya wiki ya kumi na moja Dokta Anaclet alizikagua picha zote kwa pamoja. Hakuwa mjinga, msimfanye mjinga. Alijua vizuri kwamba jeni hizi hupanda. Ndiyo sababu alimmaliza Godeliva. Alituita ofisini siku ya Jumatatu, yupo yeye, wajumbe wawili wa kamati ya masomo, Godeliva na mimi. Daftari langu mezani.

"Unasema zimeongezeka zenyewe," akamwambia Godeliva. "Sawa. Kuongezeka kunataka vizazi vingi. Wiki hii umeanza na friza. Wiki ile umeanza na friza. Kila mara unaanza na ishirini. Hivyo vizazi umevitoa wapi, mademoiselle?"

"Mimi nimetumia sahani Mama amenipa," akasema Godeliva.

"Na Mama ametoa wapi?" Akafungua daftari, akasoma kwa sauti, kidole kikishuka. "Friza. Friza. Friza. Friza." Akanigeukia. "Mama Ineza, ni sawa hivi?"

Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa, Dokta."

Sikusema ndiyo. Nilisema ndivyo ilivyoandikwa. Ujanja wa panya! Nimewahi kusikia watu wakisema wangependa dunia iwameze, mimi niliketi pale vizuri tu, mikono mapajani, na Godeliva akanitazama, si kwa hasira, akanitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Sikuimalizia. Mmoja wa wajumbe akauliza kama basi picha zimechezewa. Dokta akasema hajui neno jingine la kulisema hilo. Wakasema kamati itakaa Ijumaa.

Nilichofanya wiki ile mtaniambia wenyewe kama ni kazi au ni woga. Nilikuwa na sahani zote kumi na moja kwenye friji, maana situpi kitu. Nikachota friza, safari hii kweli friza, nikachota kila sahani, nikatengeneza vijipande kumi na viwili, nikamimina jeli bila kiputo hata kimoja, nikawasha umeme. Nikajiambia siwezi kusimama mbele ya Dokta mikono mitupu, nahitaji ushahidi. Upuuzi mtupu! Ushahidi wa nini? Mdomo hauhitaji jeli. Neno moja lingetosha: mimi ndiye. Lakini mtu mwoga akipata kazi ya mikono huona anafanya jambo.

Kamati ikakaa Ijumaa. Ikamfuta masomo kwa kughushi matokeo. Jeli yangu ikamaliza Jumamosi asubuhi, siku ya umuganda, watu wote wako nje kwa kazi ya pamoja, wanafyeka majani ya barabara, mimi niko ndani peke yangu natazama. Ilikuwa ngazi. Friza chini kabisa, kisha sahani moja baada ya nyingine zikipanda. Za mwisho mbili zilikuwa karibu sawa, kama mtu anayekaribia kufika, lakini sikuweza kujua kama zimefika au zinapumzika. Zingetaka wiki nyingine tatu, nne. Nilikuwa sijaona kitu kizuri hivyo kazini, na nililia, na sitaki mtu anipe pole.

Jumatatu nikampelekea Dokta Anaclet picha. Nikamwambia yote, mtindi, vichupa, daftari, yote. Nikamwambia zaidi: tazama mistari inavyotanuka na kufifia, Dokta, mwongo angechora mstari safi! Aliitazama ile picha muda mrefu. Nilimwona ameelewa. Hilo ndilo linaloniunguza hadi leo, kwamba alielewa.

"Barua imeshasainiwa," akasema. "Nimesaini mimi. Wageni wanaotufadhili wanafika Alhamisi. Unataka niwaambie nini, kwamba fundi wangu anatunza hamira kama ikivuguto?"

"Waambie hivyo hivyo," nikasema.

"Écoute, sikiliza, Mama. Unabakiza miaka mingapi ufike kustaafu? Na hao unaowasomesha nyumbani ni wangapi?" Alisema polepole, bila ukali. "Zichemshe hizo sahani. Leo."

Picha akaitia kwenye droo yake. Ningeweza kukataa. Ningeweza kutoka na sahani zangu kwenye kikapu, nikampelekea Godeliva Nyamirambo kwa miguu yangu. Nikazipanga kwenye otoklevu, lile sufuria kubwa la mvuke, zote kumi na moja, nikafunga kifuniko, nikabonyeza. Robo saa tu. Zilitoka zimeyeyuka zimekuwa uji. Mwaka uliofuata friza ikafa wakati wa likizo, na vile vichupa vinne nilivyovibania sana vikaharibika humo humo.

Kwa hiyo ninaposikia "tulizitupa, zilikuwa zimekosea," msinitarajie nicheke. Mstari ukikataa kukaa mlipouweka, yawezekana ni uchafu. Yawezekana ni uzembe wa Mama Ineza wenu. Yawezekana ni seli inafanya kazi yake mbele ya macho yenu. Hamjui ni lipi, na mkishatupa hamtajua. Na kama uzembe ni wako, sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado unatetemeka. Usingoje upate ujasiri, mimi niliungoja na haukuja. Umri ndio uliokuja.

Nilijua Godeliva alipo. Miaka mitano nilijua. Ana duka la miwani Gisimenti, kule Remera, anapima macho na kukata vioo, na mimi nikiwa Remera nilikuwa navuka barabara nipite upande wa pili. Baada ya wale wanne kuondoka na maneno yao ya nanasi sikulala vizuri siku mbili, ya tatu nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda.

Alikuwa peke yake dukani. Amenenepa kidogo, amependeza. Akanitambua mara moja, akatoka nyuma ya meza, akanikumbatia. "Yewe, Mama! Uko mzima? Kaa, kaa." Nilikataa kukaa. Nikasema nikiwa nimesimama, kwa haraka, nisije nikapata nafasi ya kukimbia: sahani hazikuwa za friza, nilichota sahani kwa sahani wiki zote zile, daftari liliongopa, hukughushi kitu, nilijua ofisini na sikusema.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama, mimi nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Hamira ya friza inachelewa kuota siku ya kwanza. Ya kwako ilikuwa inaota haraka haraka. Na siku moja nilikuona na kijiti, unatoa hapa unaweka hapa. Ile siku ya ofisi nilikuwa najua tayari."

Hapo hasira ikanipanda, hasira ya kumkasirikia yeye, fikirini. Nikamfokea dukani kwake. "Ulijua, na ukanyamaza? Wakufukuze? Kwa nini hukunitaja, wewe mtoto?"

"Nikushtaki mbele ya wanaume watatu? Wewe ulikuwa mama yangu pale." Alisema bila kupandisha sauti. "Nikasema, atasema mwenyewe. Nilingoja mpaka Ijumaa."

Nikakaa sasa, kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya lile bango la herufi kubwa na ndogo. Akaniletea maji. Akavuta kiti akakaa karibu nami, akainama, na nikaona uso wake umebadilika, ni ule uso wa wiki ya tano.

"Mama, nataka kukuuliza kitu. Najua wengine wameandika habari hizi, nimesoma zote. Lakini hii ya kwangu. Ilipofika juu, kwenye ile idadi ya kawaida, ilisimama yenyewe? Uliendelea nayo?"

Nikamwambia niliziweka jeli moja zote kumi na moja, na kwamba ilikuwa ngazi, na kwamba mbili za mwisho zilikaribiana.

"Na baadaye?"

"Dokta aliniambia nizichemshe."

"Ukafanya nini?"

"Nilizichemsha, mwanangu."

Mteja akaingia, mzee mwenye miwani iliyovunjika mkono, akasalimu. Godeliva akainuka kumhudumia, kisha akarudi hatua moja kwangu.

"Kunyamaza kwako nilisamehe zamani, Mama," akasema. "Kuchemsha, hapana. Hiyo siwezi."